Mwingereza Aliyeipima Kubba ya Mwamba

Katika mji wa Jerusalem, ambao watu wengi wa pwani huuita Baitul Mukadas, liko jengo moja ambalo hata mtu asiyepata kusafiri hulijua kwa picha. Lina pande nane. Kuta zake kwa nje zimevikwa marumaru chini na vigae vya rangi ya buluu juu, na kilele chake ni kubba kubwa ya dhahabu ionekanayo toka mbali. Kwa Kiarabu laitwa Kubbat as-Sakhra, yaani Kubba ya Mwamba, kwa sababu ndani yake, katikati kabisa, pana mwamba wa mlima wenyewe, na chini ya mwamba huo pana pango. Waislamu wengi huamini kwamba hapo ndipo alipopaa Mtume Muhammad usiku wa Miraji. Wayahudi nao hulihesabu eneo hilo kuwa ndipo lilipokuwa Hekalu lao la kale, na Wakristo hulikumbuka Hekalu hilo hilo kwa habari za Injili. Hapana jiwe jingine duniani lililo dogo vile na lenye wenyewe wengi vile.

Wazungu wa zamani walipenda kuliita jengo hili Msikiti wa Umar. Jina hilo lina makosa mawili. Kwanza, aliyelijenga si Khalifa Umar, bali ni Khalifa Abd al-Malik bin Marwan wa ukoo wa Bani Umayya, na lilikwisha katika mwaka wa 72 wa Hijra, ambao ni sawa na 691 au 692 wa Masihiya. Pili, si msikiti wa jamaa kama msikiti wa Aqsa, ulio upande wa kusini katika uwanja ule ule wa Haram Sharifu. Ni jengo la kuuhifadhi na kuuheshimu mwamba, na mtu huuzunguka akitembea.

Makala haya yahusu mchoraji mmoja wa Kiingereza, Frederick Catherwood, ambaye katika mwaka wa 1833 alilichora na kulipima jengo hilo ndani na nje kwa muda wa wiki sita. Lakini kabla ya kueleza alivyofanya, yafaa kueleza kwanza kwa nini kazi hiyo ilikuwa na haja.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walichora picha za Kubba ya Mwamba bila kuikaribia. Asiyekuwa Mwislamu hakuruhusiwa kuingia katika Haram, na adhabu ya aliyekamatwa humo ilikuwa kuuawa au kusilimu. Kwa hiyo msafiri Mzungu alisimama ng'ambo ya bonde, katika Mlima wa Mizeituni, akatazama toka mbali, akachora alichokiona, na asichokiona alikijaza kwa kubuni. Katika mwaka wa 1486 kilipigwa chapa huko Mainz, nchi ya Ujerumani, kitabu cha safari cha Bernhard von Breydenbach, na ndani yake mna picha kubwa ya mji wa Jerusalem iliyochorwa na Erhard Reuwich, ambaye alifika huko mwenyewe. Picha ni nzuri sana, na kubba inatambulika mara moja. Lakini maandishi yaliyo karibu nayo yasema kwamba hilo ni Hekalu la Sulemani. Basi watu wa Ulaya wakaizoea kubba ya Khalifa wa Kiarabu wakidhani ni nyumba ya mfalme wa Agano la Kale, na wachoraji wengine ambao hawakupata kuvuka bahari wakaiga kosa hilo katika picha zao za Biblia.

Tena, picha ya namna hiyo, hata ikiwa haina kosa, haimtoshi fundi wa majengo. Fundi hutaka michoro ya aina tatu. Ya kwanza ni plani, ambayo huonyesha kuta na nguzo kama mwewe angaliziona toka angani kama paa lingaliondolewa. Ya pili ni sura ya mbele, yaani ukuta ulivyo ukiutazama ukiwa umesimama sawasawa, kila dirisha kwa kipimo chake. Ya tatu ndiyo ngumu kupita zote: ni mchoro wa jengo lililokatwa. Mtu aliyepasua nazi katikati huona kwa mara moja kumbi, kifuu, nyama na uwazi wa ndani, na unene wa kila kimoja. Ndivyo na mchoro huu uonyeshavyo unene wa kuta, kimo cha nguzo, na namna kubba ilivyokaa juu yake. Michoro hii mitatu haiwezi kupatikana kwa kutazama toka mlima wa pili. Hapana budi mtu aingie na uzi wa kupimia.

Catherwood alizaliwa London katika mwaka wa 1799, akafunzwa kazi ya kuchora majumba, na ujana wake aliumaliza katika magofu ya Italia, Ugiriki na Misri. Huko Misri ndiko alikojifunza kuvaa nguo za Kituruki na kuishi kama watu wa nchi, kama walivyofanya wachoraji wengi wa wakati huo. Wakati huo Misri ilitawaliwa na Muhammad Ali Pasha, na jeshi lake, likiongozwa na Ibrahim Pasha mwanawe, lilikuwa limekwisha kuitwaa Palestina na Shamu kutoka kwa Sultani wa Waturuki katika vita vya mwaka wa 1831 na 1832. Wenyeji walizoea amri za kale, na mara wakajiona chini ya maofisa wa Kimisri wenye amri mpya. Hapo ndipo Catherwood alipoipata nafasi yake, naye alikuwa na hati ya ruhusa kutoka Misri ikimtaja kuwa injinia katika kazi ya Pasha.

Alifika Jerusalem pamoja na rafiki zake wawili, Joseph Bonomi na Francis Arundale. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuchora mji mzima toka juu, na mahali palipofaa kuliko pote palikuwa dari ya nyumba ya Gavana wa mji, au Liwali, kama tungalivyomwita sisi. Basi Catherwood akaenda huko mara kwa mara, akakaribishwa, wakavuta tumbaku pamoja na kuongea. Huenda wakati ule yeye mwenyewe hakujua ni faida gani angeipata kwa mazungumzo hayo. Lakini toka juu ya dari hiyo kubba ilikuwa mbele ya macho yake kila siku, na kila siku alizidi kutamani kuifikia.

Tarehe 13 Novemba, 1833, alivaa nguo zake za ofisa wa Kimisri, akamchukua mtumishi wake Suleyman, mtu wa Misri, wakaingia langoni mwa Haram. Kwa hesabu ya miezi ya Kiislamu ilikuwa mwisho wa Jumada ya pili, na mwezi wa Rajabu ulikuwa karibu kuandama. Na msomaji Mwislamu atajua kwamba Rajabu ndio mwezi wa Miraji. Mtu hangeweza kuchagua majira ya hatari zaidi ya hayo. Siku ya kwanza alichora kitu kidogo uwanjani, watu wakapita wakimtazama tu, kwa kuwa ofisa wa Pasha si mtu wa kuulizwa maswali ovyo. Akapata moyo. Kisha akarudi, akatega chombo chake cha kuchorea mbele ya Kubba ya Mwamba yenyewe.

Chombo hiki chastahili kuelezwa, maana ndicho kilichotaka kumwua. Chaitwa kamera lusida, nacho kilibuniwa na mtaalamu wa Kiingereza, William Hyde Wollaston, katika mwaka wa 1806. Asidhani msomaji kuwa ni kamera ya kupigia picha kama tuzijuazo, kwa kuwa habari za picha za namna hiyo hazikutangazwa mpaka mwaka wa 1839. Hiki ni kipande kidogo cha kioo chenye pande nne, kimefungwa juu ya kijiti cha shaba, na kijiti chakazwa katika ubao wenye karatasi. Mchoraji huinamisha kichwa, akatazama chini ukingoni mwa kioo. Nusu ya mboni yake huliona jengo, maana kioo kimeupinda mwanga na kuuleta machoni. Nusu nyingine huiona karatasi na ncha ya kalamu. Basi jengo huonekana kama kwamba limelala juu ya karatasi, naye hufuata mistari yake kwa risasi. Chombo hakichori chenyewe, wala hakimfanyi asiyejua kuchora kuwa mchoraji. Ila huzuia jicho lisidanganyike juu ya ukubwa na umbali wa vitu. Shida yake ni kwamba mtu akisogeza kichwa hata kidogo, mistari yote huhama.

Fikiri basi hali ilivyokuwa. Mtu mgeni ameinama, hasongi wala hainui kichwa, amekiweka chombo cha shaba kilichoelekea mahali patakatifu, na mkono wake watembea juu ya karatasi. Kwanza wachache walisimama kutazama kwa mashaka. Kisha wakaanza kunong'onezana. Kisha wakasema kwa sauti. Watu wakaongezeka mpaka wakawa umati. Catherwood aliwasikia, lakini hakuthubutu kuonyesha woga, akaendelea kuchora. Hata walipoanza kumsonga ndipo Suleyman alipoingia kati. Aliwatishia kuwapeleka mbele ya Gavana. Waliposhindana naye kwa vitisho, yeye akawazidi. Na mwisho aliuinua mjeledi, akawavamia yeye peke yake, hata akaangusha kofia ya darweshi mmoja. Kitendo hicho kiliwasha moto badala ya kuuzima. Catherwood mwenyewe alieleza baadaye katika barua iliyochapishwa London mwaka wa 1844 kwamba alidhani hapo ndipo mwisho wake.

Yafaa nikatize kidogo hapa. Katika vitabu vingi visimulizi hiki hutajwa kuwa ni ushujaa wa Catherwood, na kweli hakuwa mwoga. Lakini aliyesimama baina yake na umati hakuwa amejificha nyuma ya sare yoyote. Alikuwa Mwislamu mbele ya Waislamu wenzake, na kama mambo yangaliharibika asingaliweza kuomba balozi amwokoe. Jina lake latajwa mara mbili tatu, kisha halionekani tena.

Wakati huo huo Gavana akatokea katika ngazi za uwanja wa juu, akija kufanya ibada yake ya kila siku. Watu wakamkimbilia, wakimtaka amwadhibu kafiri aliyekinajisi mahali pao. Gavana akakaribia, alipomwona mtuhumiwa, kumbe ni yule yule mgeni aliyezoea kuvuta naye tumbaku darini. Wakasalimiana kwa heshima. Naye Gavana, asiweze kabisa kuwaza kwamba mtu angaliweza kuthubutu jambo kama lile bila amri ya mkubwa, akaukata shauri kichwani mwake mara moja. Akawaambia watu kwamba jengo lao, kama walivyojua, lilikuwa limechakaa na lahitaji kutengenezwa. Na kwamba bila shaka Pasha amemtuma injinia huyu kulitazama na kulipima. Na kwamba kama hapana fundi Mwislamu awezaye kazi hiyo, Pasha ana haki ya kumtuma amtakaye. Basi mtu yeyote asimzuie. Umati ukatawanyika.

Catherwood hakumsahihisha. Hapo ndipo uwongo wa nguo ulipogeuka kuwa uwongo wa kazi, na sisi leo twaweza kufurahia matunda yake bila kusahau kwamba wale watu wa Haram hawakuwa wajinga: walikisia kweli tangu mwanzo, na mkubwa wao ndiye aliyekosea. Jambo moja tu lilikuwa kweli katika maneno ya Gavana, nalo ni kwamba jengo lilihitaji kutengenezwa.

Toka siku hiyo milango yote ilikuwa wazi kwake. Kwa wiki sita, yaani Rajabu nzima na siku kadha wa kadha za Shaabani, alizunguka kila pembe, akawaingiza na rafiki zake Arundale na Bonomi kuwa wasaidizi katika upimaji. Walipima kuta, nguzo, matao, madirisha, mwamba na pango lililo chini yake, na msikiti wa Aqsa pia. Walikuwa wa kwanza kutoka Ulaya kuipata kazi hiyo kwa ukamilifu. Si kwamba hakuna aliyeingia kabla yao: Mhispania mmoja, Domingo Badía, aliingia katika mwaka wa 1807 akijiita Ali Bey na kujionyesha kuwa Mwislamu, akatoa plani yake, lakini hakukaa na vipimo kwa wiki sita.

Je, waliona nini? Mtu akiingia kwa mojawapo ya milango minne, iliyoelekea pande nne za dunia, hukuta njia ya kwanza ya kuzunguka, kati ya ukuta wa nje na safu ya pande nane yenye vishikizo minane vya mawe na nguzo kumi na sita za marumaru. Akiipita safu hiyo hukuta njia ya pili. Ndipo afikapo kwenye duara la katikati, lenye vishikizo vinne na nguzo kumi na mbili, na juu ya duara hilo ndipo ilipokaa kubba. Kila ukuta wa nje una urefu wa karibu futi 67, na upana wa kubba kwa ndani ni karibu futi 67 vile vile. Hilo halikutokea kwa bahati. Plani yote imetoka katika duara moja na miraba miwili iliyopishana ndani yake, kazi ambayo fundi angaliweza kuipiga ardhini kwa kamba na kigingi. Na ile kubba, ambayo kwa nje yaonekana nzito, ni ya mbao, tena ya magamba mawili, moja ndani ya jingine, na nafasi kati yake, ili joto la jua na baridi ya usiku visiyaharibu mapambo ya ndani. Hayo ndiyo mambo yaonyeshwayo na ule mchoro wa nazi iliyopasuliwa.

Siku za Catherwood kubba haikuwa ya dhahabu. Ilifunikwa kwa risasi, nayo ilikuwa ya rangi ya kijivu. Haikubadilishwa mpaka miaka ya 1960, ilipofunikwa kwa mabati ya madini yenye rangi ya dhahabu. Na dhahabu yenyewe, kilo 80 hivi, iliwekwa katika miaka ya 1990 kwa gharama ya Mfalme Hussein wa Jordan. Vigae vya nje, ambavyo viliwekwa kwa amri ya Sultani Suleiman katika karne ya kumi na sita mahali pa nakshi za vipande vya kioo, navyo vingi vimebadilishwa katika karne ya ishirini. Ndiyo sababu michoro ya mwaka 1833 ina thamani: inashika hali ya jengo ambayo haipo tena.

Wiki sita zilipokwisha ikasikiwa habari kwamba Ibrahim Pasha mwenyewe yuko njiani. Injinia wa Pasha aliyeogopa kuonana na Pasha ni kitu cha kuchekesha, lakini Catherwood hakuwa na nafasi ya kucheka. Alifunga vitabu vyake akaondoka. Siku iliyofuata Pasha aliingia mjini akiwa na wageni wakubwa wa Kiingereza waliotaka kuiona Haram. Pasha akawaambia kwamba yeye hawazuii, lakini hawezi kuwapa askari wa kuwalinda, maana hataki kuwaudhi Waislamu. Basi wakienda, waende kwa hatari yao. Habari za wale waliokwisha kuingia zikatajwa, Gavana akaitwa, na mambo yote yakajulikana wakati mtu mwenyewe yuko mbali. Miezi michache baadaye, katika mwaka wa 1834, nchi nzima ya Palestina iliasi kwa sababu ya kulazimishwa vijana kuingia jeshini, na waasi wakauingia mji. Kama Catherwood angalichelewa mwaka mmoja, asingaliipata nafasi ile.

Mtu angetazamia kwamba michoro iliyopatikana kwa shida namna hiyo ingechapishwa mara moja. Haikuwa hivyo. Ramani yake ya mji wa Jerusalem ilitoka London katika mwaka wa 1835, na kwa miaka thelathini, mpaka maofisa wa jeshi la Kiingereza walipoupima mji upya katika mwaka wa 1864 na 1865, wasafiri waliitegemea. Mwaka huo huo wa 1835 picha kubwa ya mviringo iliyotokana na michoro ya darini kwa Gavana ilionyeshwa na Robert Burford katika nyumba yake ya maonyesho karibu na Leicester Square. Watu walilipa kiingilio, wakasimama katikati, wakauona mji wa Jerusalem umewazunguka pande zote. Lakini michoro ya Kubba ya Mwamba yenyewe, plani na vipimo vyake, haikupata kuchapishwa kwa ukamilifu.

Sehemu yake ilitumiwa na mtu mwingine, tena kwa njia isiyotazamiwa. James Fergusson, mtu mashuhuri katika elimu ya majengo, alipewa nafasi ya kuitazama michoro ya Catherwood na Arundale, akatoa kitabu katika mwaka wa 1847. Katika kitabu hicho alidai kwamba Kubba ya Mwamba haikujengwa na Mwarabu yeyote, bali ni kanisa lililojengwa na Kaisari Konstantino juu ya kaburi la Yesu katika karne ya nne. Hoja yake ilitokana na umbo la nguzo na vichwa vyake, na matao yaliyo juu yake, ambavyo aliona ni kazi ya Kirumi. Na kweli nguzo nyingi zilikuwa za kale zaidi, maana mafundi wa Abd al-Malik walizitwaa katika majengo yaliyokwisha kubomoka, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Ndiyo maana hazilingani. Vipimo vilikuwa sahihi, michoro ilikuwa sahihi, na shauri lililotolewa juu yake lilikuwa kosa tupu, lililoleta magomvi ya vitabu kwa miaka mingi.

Hapa mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni kuyahamisha maneno toka lugha moja hadi nyingine, siwezi kujizuia kusema neno moja. Jawabu lilikuwa limeandikwa ndani ya jengo lenyewe. Juu ya ile safu ya pande nane, upande wa ndani na upande wa nje, pana mstari wa maandishi ya Kiarabu cha kale kwa herufi za Kikufi, za rangi ya dhahabu katika uwanja wa buluu, wenye urefu wa karibu futi 790. Mchoraji huyaona maandishi kuwa mapambo. Msomaji huyaona kuwa maneno. Mfaransa Melchior de Vogüé aliyachapisha katika kitabu chake cha mwaka wa 1864. Yasema kwamba kubba hiyo imejengwa na mtumishi wa Mungu, Abdallah, Imamu al-Ma'mun, Amiri wa Waumini, katika mwaka wa sabini na mbili.

Msomaji aijuaye tarehe ya Kiislamu atashtuka. Khalifa al-Ma'mun alizaliwa mwaka wa 170 wa Hijra. Mwaka wa 72 hata babu yake alikuwa hajazaliwa. Ukitazama sana utaona kwamba herufi za jina lake zimesongamana, na rangi ya buluu iliyo nyuma yake haifanani na iliyo pande zote mbili. Mafundi wa al-Ma'mun walilitoa jina la Abd al-Malik, wakaliweka la bwana wao mahali pale pale, ila wakasahau kuibadili tarehe, au hawakuona haja. Kwa namba mbili hizo kweli ya jengo ikahifadhika miaka elfu na zaidi, juu ya vichwa vya watu wote waliopita chini yake, na Catherwood mmoja wao.

Catherwood mwenyewe alikwenda Marekani, akafungua nyumba yake ya maonyesho katika mji wa New York mwaka wa 1838, na Jerusalem ikawa mojawapo ya picha zake kubwa. Huko alifanya urafiki na John Lloyd Stephens, ambaye alikuwa ameitumia ramani yake alipozuru Jerusalem, nao wakaenda pamoja tangu mwaka wa 1839 katika misitu ya Amerika ya Kati, wakagundulisha ulimwengu miji ya kale ya watu wa Maya. Kwa michoro ya miji hiyo jina lake lajulikana leo kuliko kwa ile ya Jerusalem. Usiku mmoja mwishoni mwa Julai, 1842, nyumba ya maonyesho ilishika moto, ikateketea pamoja na picha na vitu vingi vya Maya vilivyokuwamo.

Tarehe 27 Septemba, 1854, alipokuwa akirudi Marekani kutoka Uingereza, meli aliyopanda, iitwayo Arctic, iligongana katika ukungu na meli ya Kifaransa, Vesta, karibu na kisiwa cha Newfoundland. Watu zaidi ya 300 walizama. Waliookoka walikuwa 85 hivi, na kati yao hakuwamo mwanamke wala mtoto hata mmoja. Catherwood alikuwa miongoni mwa waliokufa. Jina lake halikuwamo katika orodha za kwanza za magazeti, liliongezwa baadaye.